"Weka Ile Yenyewe!": Dijei, Nyimbo za Kopi na Suala la Mtunzi

Utangulizi

Muhula uliopita nilipewa dakika 50 za kupiga muziki katika usiku wa burudani wa bweni letu. Nikajiwekea sharti moja ambalo sikumwambia mtu: kila wimbo nitakaoupiga uwe ni kopi, yaani wimbo ulioimbwa upya na mtu ambaye si wa kwanza kuuimba. Nilidhani ni mchezo tu. Nyimbo tatu za mwanzo zilikwenda vizuri, watu wakacheza. Wa nne ulikuwa "Malaika" wa Boney M, kundi la Ujerumani lililoutoa mwaka 1981. Hapo jamaa mmoja akapaza sauti kutoka nyuma ya ukumbi: "Dijei, weka ile yenyewe, bwana!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Baada ya kuzima mitambo nilimfuata jamaa yule nikamuuliza: ile yenyewe ni ipi? Akanijibu bila kusita kwamba ni ya Miriam Makeba. Basi hapo ndipo makala haya yalipozaliwa, kwa sababu ile ya Makeba nayo ni kopi. Kabla yake yuko Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na hata ukifika kwa Fadhili hujafika mwisho wa safari, maana wapo waliodai kuwa wimbo si wake. Ndugu msomaji, sisi wanafunzi wa fasihi hujisifu kuwa tunajua kutofautisha mtunzi na fanani. Mbona basi ukumbi mzima wa wasomi haukuweza kutaja mtunzi wa wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko nyimbo zote duniani?

Makala haya yanajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba kopi nzuri ni uhakiki: anayeimba upya anausoma wimbo na kuutolea hukumu. Pili, kwamba nadharia yetu tunayoipenda sana, ile isemayo kuwa sanaa simulizi ni mali ya jamii nzima, imewahi kutumika kuwanyang'anya watunzi maskini jasho lao. Dijei anayepanga miksi ya kopi tupu anasimama katikati ya mambo hayo mawili, apende asipende.

Neno "kopi" na dharau yake

Wanamuziki wetu wa bendi husema "tunapiga kopi" pale wanapopiga nyimbo za wenzao. Neno hilo hilo sisi tunalitumia kwa aliyenakili kazi ya mwenzake kwenye mtihani. Hivyo tangu mwanzo neno limebeba harufu ya wizi na uvivu, na bendi "ya kopi" huhesabiwa kuwa bado haijakomaa.

Lakini hebu tuitazame dharau hiyo kwa macho ya mwanafunzi wa fasihi simulizi. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika, alitukumbusha kuwa fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo linatawaliwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali, wakati na tukio lenyewe. Kwa mtazamo huo, hakuna utendaji ulio "mwenyewe" na mwingine ulio nakala. Bibi akisimulia hadithi ya sungura leo, na shangazi akaisimulia kesho, hatumwambii shangazi kuwa anapiga kopi. Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo: katika mapokeo ya mdomo kila uimbaji ni utungo, na kutafuta ile ya asili ni kutafuta kitu kisichokuwepo.

Kwa hiyo jibu la harakaharaka kwa jamaa yule lingekuwa hili: "Ndugu yangu, yenyewe haipo." Kwa muda niliridhika nalo. Nitaeleza mbele kwa nini siridhiki tena.

Dijei alizaliwa na kopi mkononi

Historia ya udijei wenyewe inatusaidia. Tarehe 11 Agosti 1973, kijana mzaliwa wa Kingston, Jamaika, Clive Campbell, anayejulikana zaidi kwa jina la Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ya dada yake kwenye jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, New York. Wengi huhesabu siku hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop. Mbinu iliyompa jina ilikuwa ya kutumia santuri mbili zilizo sawa: kile kipande kifupi ambacho waimbaji wananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, akikipiga kwenye mashine moja, kisha akakirudia kwenye ya pili, na kurudi tena kwenye ya kwanza, ili wachezaji wasikose pale wanapopapenda.

Santuri iliyopata umaarufu mkubwa kwa mbinu hiyo ni "Apache" ya Incredible Bongo Band, ya mwaka 1973. (Bongo hapa ni zile ngoma mbili ndogo, si mji wetu wa Dar es Salaam.) Wengine wameiita wimbo wa taifa wa hip-hop. Lakini hiyo nayo ni kopi! Utunzi ni wa Mwingereza Jerry Lordan. Akaurekodi Bert Weedon, kisha mwaka 1960 kundi la The Shadows likaufikisha nafasi ya kwanza Uingereza. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipande cha ngoma ambacho vijana wa Bronx walikiabudu hakimo katika ile ya The Shadows. Kiliongezwa na wapiga kopi. Kwa maneno mengine, utamaduni mzima umejengwa juu ya kile ambacho kopi ilikitia katika wimbo.

Mwaka huo huo wa 1973 kopi nyingine zilizaliwa kwa sababu ya njaa ya santuri. Manu Dibango wa Kamerun alikuwa ametoa "Soul Makossa" mwaka 1972, ikiwa ni upande wa pili wa santuri ya kuadhimisha Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa nchini mwake. David Mancuso, aliyekuwa akipiga muziki katika karamu zake za New York, aliipata na kuipiga. Watu wakaitafuta madukani, hakuna. Makundi ya huko yakakimbilia studio kurekodi kopi, na ile ya kundi la Afrique ikaingia kwenye chati za Marekani kama ilivyoingia ile ya Dibango mwenyewe. Hapa dijei ndiye aliyeamsha njaa, na kopi zikaja kuishibisha.

Kopi kama uhakiki

Tukija kwenye maudhui, mfano ulio wazi ni "Respect". Otis Redding aliutunga na kuuimba mwaka 1965: mwanamume anayerudi nyumbani na kumtaka mwanamke wake amheshimu. Mwaka 1967 Aretha Franklin akauimba upya. Alibadili maneno machache, akaongeza kile kibwagizo cha kulitaja neno herufi kwa herufi, na ghafla anayedai heshima ni mwanamke. Hapo sisi tungeandika kurasa kumi juu ya nafasi ya mwanamke katika utungo wa Redding. Aretha aliumaliza uhakiki huo kwa muda usiofika dakika tatu.

Katika Kiswahili jambo hili lina ugumu wake, nao ni wa sarufi. Msemaji katika "Malaika" ni kijana wa kiume aliyeshindwa kwa kukosa mali, na kitenzi chake ni kuoa. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Ndivyo lugha ilivyogawa kazi. Lakini walioueneza wimbo huu duniani wengi ni wanawake: Makeba, aliyeuimba pamoja na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, kisha Angélique Kidjo wa Benin katika albamu yake ya Logozo ya mwaka 1991. Mwanamke anaposimama na kumwambia mwenzake kwamba angemwoa, msikilizaji wa Kiswahili anasikia kitu ambacho msikilizaji wa Stockholm hasikii. Je, mwimbaji amevaa sauti ya mwanamume, kama mwigizaji? Au amekinyakua kitenzi kisicho chake? Katika kopi hiyo swali la jinsia limejitokeza ambalo katika rekodi ya Fadhili halikuwepo kabisa.

Tusidhani kwamba hili ni la muziki peke yake. Mwalimu Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare unaozungumzia mfanyabiashara mmoja wa Venice, aliuita Mabepari wa Venisi (1969). Mfanyabiashara mmoja amekuwa mabepari wengi! Huo ni uhakiki katika neno moja, na unatueleza mengi kuhusu Tanzania ya miaka ile. Hakuna aliyemwambia Mwalimu aweke ile yenyewe.

Kopi kama unyang'anyi

Hadi hapa dijei anaweza kutembea kifua mbele. Lakini miksi yangu ilikuwa na wimbo mwingine ambao ulinivurugia furaha hiyo. Ulikuwa "The Lion Sleeps Tonight" wa The Tokens, uliofika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1961 na kupata maisha mapya katika filamu ya katuni ya Disney, The Lion King, ya mwaka 1994.

Wimbo huo ulianza Johannesburg mwaka 1939. Solomon Linda, Mzulu, akiwa na wenzake wa Original Evening Birds, aliurekodi katika studio ya Gallo kwa jina la "Mbube", yaani simba. Karibu na mwisho wa rekodi hiyo, Linda alipandisha sauti yake juu na kubuni papo hapo sauti chache zisizokuwa na maneno. Sauti hizo chache ndizo zilizokuja kuwa kiini cha wimbo wa The Tokens. Inaelezwa kuwa alilipwa shilingi 10. Miaka kadhaa baadaye santuri ikamfikia Pete Seeger kule Marekani. Kundi lake la The Weavers likaurekodi kwa jina la "Wimoweh", na mahali pa mtunzi pakaandikwa "Paul Campbell". Huyo Campbell si mtu. Lilikuwa jina la bandia la wanakundi wenyewe, walilolitumia kwa nyimbo walizozichukulia kuwa ni za asili.

Hapo ndipo nilipokoma kucheka. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliruhusu mtu yeyote kuurekodi upya utungo ambao mwenyewe ameshauruhusu kurekodiwa, mradi alipe malipo yaliyowekwa, ambayo kwa wakati huo yalikuwa senti 2 kwa kila nakala. Malipo hayo hayaendi kwa aliyeimba kwanza. Yanakwenda kwa mwenye utungo, yaani yule ambaye jina lake limeandikwa kuwa ndiye mtunzi. Redding alinufaika kila "Respect" ya Aretha iliponunuliwa kwa sababu jina lake lilikuwepo. La Linda halikuwepo, basi. Alifariki mwaka 1962 akiwa fukara, wakati dunia inacheza wimbo wake.

Binti zake walifungua kesi mwaka 2004 na kufikia makubaliano mwaka 2006. Mawakili walitumia sheria ya zamani ya dola ya Waingereza ya mwaka 1911, ambayo ilirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Yaani sheria ya mkoloni ndiyo iliyowakumbuka watoto wa Linda, wakati dhana nzuri ya "mali ya jamii" ndiyo iliyomsahau baba yao!

"Malaika" haiko mbali na hapo. Fadhili William aliyeurekodi alidai ni wake hadi alipofariki mwaka 2001. Adam Salim alidai aliutunga mwaka 1945. Grant Charo naye ametajwa. Si kazi ya makala haya kuhukumu. Ninachotaka kusema ni kwamba sisi wenye lugha tulikuwa na uwezo wa kuwauliza wazee hao wakiwa hai, kuwarekodi, kulinganisha maelezo yao, na kuandika. Badala yake tuliwafundisha watoto shuleni waimbe, tukasema ni wimbo wetu sote. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Fundisho la takhmisi

Je, basi tuache kopi? Hapana. Wazee wetu wa ushairi walishalitatua tatizo hili, ila hatukuwasikiliza vizuri. Ninazungumzia takhmisi.

Jina lenyewe linatokana na tano katika Kiarabu. Mshairi huchukua utungo wa mwenzake wa mishororo miwili miwili, na kila mahali akatanguliza mishororo mitatu ya kwake, yenye kwenda na vina vya ile ya zamani, mpaka ubeti ukatimia mitano. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, anayetajwa kuwa mtunzi wa Takhmisi ya Liyongo, juu ya mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo mwenyewe. Angalia ustadi wa mpango huo. Mshairi mpya ana nafasi kubwa kuliko wa zamani, mitatu kwa miwili. Anaweza kufafanua, kupinga, kupamba. Lakini ile mishororo miwili haiguswi, nayo ndiyo inayomaliza kila ubeti. Mgeni anatangulia kusema, mwenye nyumba ndiye anayefunga mlango.

Katika muziki wetu aliyeishi kwa adabu hiyo ni Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013. Nyimbo nyingi alizoimba zilikuwa za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Mmojawapo ni "Kijiti", unaosimulia mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na sheria ikawaangukia wanawake wenziwe. Siti aliuimba kama habari ya mji, watu wakiwa bado wanayazungumza mambo hayo vibarazani. Bi Kidude aliuimba miongo mingi baadaye, kwa ile sauti yake kavu ya kukwaruza, mbele ya watu wasiomjua Kijiti wala mahakama iliyomwacha. Katika kinywa chake haikuwa habari tena, ilikuwa ushahidi. Na hakuficha kwamba alichota kisima cha Siti. Hiyo ni takhmisi ya sauti.

Kuipanga miksi upya

Nilirudi mezani nikaipanga miksi yangu kwa kanuni hiyo. Badala ya kuruka kutoka kopi ya wimbo huu hadi kopi ya wimbo ule, nilikwenda nyuma ndani ya kila wimbo: kopi mpya kwanza, kisha ya kabla yake, na ya zamani kabisa ninayoweza kuipata ifunge. Ndiyo, nilivunja sharti langu la kopi tupu. Afadhali kuvunja sharti kuliko kuvunja haki.

Kazi si nyepesi, na ugumu wake una mafunzo. Mashine za santuri zinazotumiwa na madijei wengi, Technics SL-1200, zina kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unaweza kuupeleka hadi 108 au kuushusha hadi 92, basi. Ukiuvuta zaidi, sauti ya mtu inageuka ya panya au ya jini. Kompyuta siku hizi inaweza kuvuta mwendo bila kugusa sauti, lakini tatizo jingine linabaki. Rekodi za zamani hazikupigwa kwa mashine ya kuhesabu. Wapigaji walikuwa wakiharakisha wakifurahi na kupunguza wakichoka. Boney M unaweza kuuacha ujiendeshe. Kwa Siti au Linda inabidi mkono ubaki kwenye santuri muda wote, ukimfuata mtu aliye hai.

Kuna mahali mapigo hayakukubali kabisa. Kutoka "Malaika" wa Boney M hadi gitaa la Fadhili nilijaribu mara nyingi, nikashindwa. Mwisho nikaacha kimya cha sekunde chache, nikashika kipaza sauti na kutaja majina: Fadhili William, na wale waliosema si wake. Mwanzoni niliona ni aibu ya fundi asiyejua kuunga. Sasa naona kimya hicho ndicho kiungo chenyewe.

Hitimisho

Tumeona kwamba kopi inaweza kuwa uhakiki, kama kwa Aretha. Inaweza kuwa ubunifu, kama zile ngoma za "Apache". Na inaweza kuwa unyang'anyi, kama kwa Linda. Kinachotofautisha unyang'anyi na hayo mengine si ubora wa sauti, maana The Tokens waliimba vizuri sana. Ni jina tu: limeandikwa au halikuandikwa?

Kwa hiyo naomba walimu wetu waniwie radhi nikisema kwamba sentensi ile ya kwenye madaftari yetu, kuwa fasihi simulizi haina mtunzi maalumu, inahitaji kurekebishwa. Mara nyingi mtunzi yupo, ila hatukumwuliza. Ni kweli wimbo ukishaingia kwenye vinywa vya watu unakuwa wa watu. Lakini kuwa wa watu hakumfuti aliyeuzaa, kama vile mtoto kuwa wa ukoo mzima hakumfuti mama yake.

Miksi ile mpya niliipiga mwisho wa muhula. Jamaa yule alikuwepo, amesimama palepale nyuma. Ulipofika wimbo wa Fadhili hakupiga kelele. Alikuja mbele, akainama karibu na mashine, akaniuliza: "Huyu wa mwisho kabla ya hapa ulisema anaitwa nani? Adam nani?" Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi.

Kama yupo msomaji, hasa wa Mombasa au Nairobi, mwenye mzee nyumbani anayekumbuka wimbo huo kabla ya santuri, amwulize leo. Asingoje muhula ujao.